Kilomita Themanini kwa Lita Moja

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia kifua. Mguu wa shangazi unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti. Maabara hii niliyohamishiwa ni kubwa, lakini chumba changu dirisha lake linatazama ukuta, na jioni sina wa kubishana naye.

Shangazi alinipigia simu akanieleza yaliyowapata. Alisema gari lilizimika mkiwa njiani kumpeleka kliniki, mahali pasipo na nyumba wala kivuli. Ulikuwa umekataa kuongeza petroli, ukimwambia kwamba kwa kifaa chako cha sumaku cha kupunguza ulaji wa petroli, hicho kidogo kilichomo kingewapeleka na kuwarudisha. Mkatembea juani mpaka kidonda chake kikafumuka upya. Hata hivyo alicheka, akasema Profesa Sumaku ameumbuka mbele ya mbuzi. Mimi sikuweza kucheka.

Utakumbuka siku uliyoniletea petroli ya tangi lako kwenye chupa, ukitaka niipime nguvu yake. Niliichoma kidogo ndani ya chombo cha chuma kilichozamishwa majini, nikaangalia maji yamepata joto kiasi gani. Ilikuwa petroli kama petroli nyingine yoyote. Nikakwambia kwamba hata kama injini isingepoteza joto lolote, lita moja isingeweza kulisukuma gari lile zito kilomita themanini ulizokuwa ukijivunia. Sumaku na waya wa shaba uliofunga kwenye bomba haviwezi kuipa petroli nguvu isiyo nayo. Ukanijibu kwamba vipimo vyangu havijawahi kuendesha gari, na kwamba geji ya petroli haina sababu ya kukudanganya.

Baba, geji ilikuwa inasema kweli. Mwongo nilikuwa mimi. Ulipokuwa ukiingia kuoga jioni, nilimimina petroli kwenye tangi kwa dumu nililoficha stoo. Nilianza kwa utani tu, nikitaka nikuone ukijisifu, kisha nikwambie tucheke wote. Lakini ulitoka bafuni, ukawasha gari, ukatazama geji, ukapiga mluzi. Tangu tumzike mama sikuwa nimekusikia ukipiga mluzi. Sikukwambia, na kesho yake nikamimina tena. Hata siku ile ya chupa nilikupa ukweli nusu, huku dumu likiwa limejaa.

Nilipohamishwa niliondoka kimya, nikajidanganya kwamba utagundua mwenyewe polepole. Sikuwaza kwamba utampakia mgonjwa.

Sasa shangazi anasema umefungua injini yote, unashinda uvunguni mwa gari, na unalalamika kwamba mikono yako imezeeka, umeharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Hujaharibu chochote, Baba. Umekuwa fundi maisha yako yote, na mikono yako haina kosa.

Nimeomba ruhusa kazini, nitafika Ijumaa. Ukinikubalia, nitakushikia spana mpaka injini ifungwe. Ukinifukuza, nitalala kwa jirani yetu fundi cherehani, na asubuhi nitabisha hodi tena.

Msomee shangazi barua hii yote, usiruke hata mstari. Mwambie asikucheke tena. Wa kuchekwa ni mimi, na kama anataka kunichapa, nitasimama wima.

Nakusalimu kwa heshima na kwa aibu.

Mwanao