Zamu ya Mama Aneti

Shikamoo mama,

Huku Moshi baridi ni ya kuvalia sweta, na mlima bado unajificha mawinguni.

Leo tulipanda kupima maji ya mfongo, mfereji ambao wenyeji wanautumia kumwagilia mashamba kwa zamu. Tunanyunyiza pumba majini, kisha kamera yetu ya kasi inapiga maelfu ya picha kwa sekunde, tuone maji yanavyojizungusha. Yalikuwa mengi mno, tukaziba kidogo kwa juu bila kumuuliza mtu. Kumbe ilikuwa zamu ya Mama Aneti! Akatokea na jembe begani. "Sasa migomba yangu inywe picha?"

Nikajua tunafukuzwa. Mwenzangu Elia, mzaliwa wa hapa, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akampa kwa mikono miwili. Uchaggani ukiombwa radhi kwa sale hukatai. Mama akasonya, akalipokea. Tukazibua mbio.

Kisha akataka kuona hizo picha. Nikamwonyesha polepole: pumba zinashuka, zinazunguka nyuma ya jiwe, zinarudi kidogo zilikotoka, ndipo zinakwenda.

"Kumbe hata maji yanageuka kuangalia kwao," alisema, akatupeleka kwake, akatupakulia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Tumekula mpaka basi.

Ule mwiko wako wa stendi siku naondoka, kwamba nisigeuke nisije nikalia, niliuvunja, mama. Niligeuka. Ulikuwa umeshanipa mgongo, unajifuta macho kwa kanga.

Nakupenda. Jifunike vizuri usiku.

Mwanao,
Neema