Nusu ya paa la Apolline

Arlette, nakiri: nilimsindikiza dada yangu Apolline hadi Salamabila kuangalia nyumba, na sikugundua kwamba nyumba zote za jirani hazikuwa na paa.

Bei za nyumba zimeshuka kwa sababu wachimbaji wa dhahabu wamehamia machimbo mapya upande wa Lusangi. Apolline, aliyechoka kupanga, akaona hatimaye Mungu amemkumbuka. Akalipa, akakabidhiwa ufunguo kwa heshima zote.

Leo tumefika na godoro. Pitchou, aliyemuuzia, yuko juu ya nyumba anang'oa mabati. Anang'oa mabati, Arlette, na anatusalimia vizuri kabisa.

"Papa Pitchou, unafanya nini?"

"Mama, niliuza nyumba. Mabati naenda nayo, nitajengea kule. Hapa kila mutu anajua vile."

Kila mtu, isipokuwa sisi wenye diploma.

Apolline hakubishana. Aliingiza godoro, akajilaza chini ya pale Pitchou alipokuwa anang'oa. "Endelea, papa. Mvua iko inakuja, itanikuta hapa."

Mke wa Pitchou, aliyekuwa ameshika ngazi, alichungulia ndani, akamwona Apolline, akaitikisa ngazi.

"Pitchou, shuka."

Akashuka, wakaondoka na mabati aliyokwisha kung'oa.

Tangu leo Apolline hapangi tena. Ana nyumba yake, na nusu ya paa.