Kerubo Anataka Kushuka Barafuni

Mpendwa Baba Kerubo,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana hali yako naijua kuliko unavyoijua mwenyewe. Umeogeshwa, umelishwa, umekalishwa kwenye kiti chako cha dirishani katika nyumba ya wagonjwa hapo Roseville, na yeyote aliyepita karibu umemsalimia kwa ile sauti ya utangazaji iliyofanya wanawake wenzangu kanisani wanione mwenye bahati. Naiandika barua hii wazi, atakayeisoma aisome, kwa sababu wewe hutaisoma. Ukipewa karatasi siku hizi unaikunja vizuri na kuitia mfukoni.

Kulikuwa na jambo la kuamua na niliachwa nalo peke yangu. Kerubo wetu alitaka kucheza hoki ya barafuni. Kocha wa timu ya wasichana hapa Champlin alimwona akiteleza kwenye barafu ya bustani, akampenda, akasema anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nilizunguka na neno hilo kazini, jikoni, ndani ya gari. Nikisema ndiyo, naona kichwa chako kilivyogongwa. Nikisema hapana, naona uso wake. Wewe ndiye ungejua la kumwambia.

Nakumbuka mechi ya kwanza niliyokuja kukutazama. Sikuwa nimemaliza hata mwaka tangu nitoke Kisii, nilivaa makoti mawili, na kile kisahani cheusi mnachokigombania kwa fimbo sikukiona tangu mwanzo hadi mwisho. Niliketi na mama yako. Miaka yote ya utoto wako wikendi zake zilikuwa za kazi, kwa hiyo naye alikuwa mgeni uwanjani kama mimi. Ulimgonga mtu, mwamuzi akakutoa, ukafungiwa peke yako kwenye kile kizimba cha adhabu nyuma ya kioo. Mama akanigeukia akiwa amejaa fahari, akaniambia wamempa mwanawe kiti chake maalum apumzike. Kisha akachukua chupa ya chai aliyoibeba kutoka nyumbani, akateremka ngazi zote zile, akaanza kukigonga kioo ili akumiminie. Mlinzi alikuja mbio. Na wewe, jasho usoni na damu mdomoni, ulicheka mpaka mwamuzi akakukodolea macho. Mimi nilikuwa nimekuja kutazama tu. Nilirudi nyumbani nimeshaamua nitaolewa na nani.

Ulikuwa beki, na kazi ya beki wa aina yako ilikuwa kuingiza mwili pale wenzako wanapoogopa. Uliangushwa ukainuka, ukabamizwa ukutani ukainuka. Kanisani walikupendea hilo hasa. Mchungaji alikuwa akikuita mbele, anawaambia vijana wamtazame mtu asiyekubali kulala chini, na wamama wanapiga vigelegele. Watu wa kwetu tunampenda sana anayeinuka. Madaktari wa timu nao walikumulika machoni kwa tochi, wakakuuliza leo ni siku gani, ukijibu sawa unarudishwa barafuni. Ulijibu sawa mara nyingi mno.

Goti ndilo lililokustaafisha. Tulilililia goti lile, Baba Kerubo, kumbe lilikuwa linatufanyia wema uliochelewa.

Ulikaa nyumbani msimu mzima ukitazama ukuta, mpaka kituo kimoja kikakuita ujaribu kutangaza mechi za shule. Uliogopa maikrofoni kuliko ulivyoogopa kugongwa. Ndipo ukaanza mazoezi yako kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada, sahani za pilau bado mapajani mwa watu, televisheni imezimwa sauti na wewe unaitangaza mechi kwa Kiswahili chako cha kuungaunga. Ulizaliwa nacho masikioni tu, ukaja kukipata ulimini ukiwa mtu mzima, na wazee walikucheka bila huruma. Papa Mulonda, yule mzee wetu wa Kikongo kutoka Uvira, hakuwa na subira hata kidogo na mwamuzi, Kifaransa kikimtoka.

"Mais, huyu anapiga mwenzake, na arbitre anaangalia tu?"

"Arbitre ameona, Papa," ukamjibu bila kutoka kwenye utangazaji, "ngoja tu, anampeleka jela saa hii."

Ukumbi mzima ulikuwa wako. Walioondoka Kongo na mabegi mawili, waliotoka kazini asubuhi hiyo hawajalala, wote walikuwa wanapiga kelele juu ya mchezo ambao hawakuwa wameuomba. Mwaka uliofuata ulikuwa umeketi kando ya barafu pale Saint Paul, suti, tai, maikrofoni, ukitangaza timu za wakubwa. Hadithi ya chai ya mama ulishaisimulia hewani, mji mzima ukaijua. Siku moja tukirudi nyumbani uliniambia neno ambalo sijalisahau.

"Sasa nacheza mechi nzima na hakuna anayenigonga."

Sijawahi kukuona na furaha kama ile, hata siku ya harusi. Naisema bila wivu.

Halafu ukaisimulia hadithi ya chai mara mbili katika mechi moja. Ukamtaja mchezaji aliyestaafu kama ndiye mwenye kisahani. Ukanyamaza hewani katikati ya sentensi, na mwenzako akaimalizia, na watu wakadhani ni mitambo. Bosi wako alinipigia kwa upole akaniuliza kama unalala vizuri. Nilimwambia umechoka, maana hata mimi nilitaka iwe uchovu. Siku ya mwisho wakakutafuta mechi ikikaribia kuanza, kiti chako kitupu, wakakukuta kwenye chumba cha wachezaji ukifunga kamba za viatu vya kuteleza, suti ikiwa mwilini. Vijana wale hawakucheka. Walikuzungumzisha hadi nilipofika. Nilipiga magoti nikakufungua kamba, ukaniuliza kwa nini nakutoa kwenye timu.

Kazini kwangu mimi ndiye ninayewafundisha jamaa za wagonjwa waliopoteza kumbukumbu. Nawaambia usimuulize kama anakukumbuka, usibishane naye, ingia kwenye chumba alichomo yeye. Wananishukuru, wengine wananikumbatia. Nikitoka hapo naendesha hadi Roseville, nakaa garini, na yale yote niliyoyafundisha siwezi kufanya hata moja.

Jumatano Kerubo alinibana. Akasema kama mimi sina jibu, basi atamuuliza baba mwenyewe. Nilimwonya, nikamweleza jinsi ulivyo, akasema anajua. Tukaja. Ulikuwa umechanwa nywele, umevaa sweta ya bluu. Alijisogeza mbele ya kiti chako.

"Daddy, kocha anataka nicheze kwa timu. Can I?"

Ukatabasamu. Ulikuwa na tabasamu lile ulilowawekea watoto waliokungoja mlangoni baada ya mechi. Ukamuuliza angecheza nafasi gani, akasema beki, ukaitikia kwa kichwa ukiwa umeridhika, ukamwambia akunje magoti kidogo anapoteleza kinyumenyume, asitazame kisahani, atazame kifua cha mtu. Ulisema yote sawasawa. Kerubo alinigeukia, uso umemwakia, na mimi nilianza kuamini, Mungu anisamehe.

"Lakini hilo si langu kuamua, mrembo," ukamwambia. "Muulize baba yako. Mwambie aje akuone ukiteleza, atafurahi."

Kerubo akasema "okay". Akakushukuru, kwa adabu, kama mtoto anavyomshukuru mgeni.

Tulirudi kwa njia ya kando ya mto, yeye akitazama dirishani. Nilitaka kusimamisha gari nimshike, lakini nilijua nikisimama sitaweza kuliondoa tena. Tulipoingia Champlin ndipo alipofungua mdomo.

"Mum, mwambie coach hapana. Sitaki tena."

Wiki nzima nilikuwa naomba asitake, ili isiwe mimi niliyemkatalia. Nimepewa nilichoomba, na ningekirudisha saa ileile kama kungekuwa na pa kukirudisha. Nilimpigia kocha nikiwa bado ndani ya gari. Akasema hakuna haraka, atamngoja hadi msimu ujao. Nikamwambia asimngoje.

Siombi tena urudi. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, najua hurudi, na nimechoka kujifanya sijui. Nakupenda, na hilo halisaidii kitu. Kaa na amani hapo dirishani, Baba Kerubo, wasalimie wanaopita. Nitakuja Jumapili baada ya ibada. Nitakuja peke yangu. Kerubo ameniomba asije.

Mkeo,
Mama Kerubo