Hapana ya Watu wa Guinea

Mbugangari, Gisenyi
23 Novemba 1958

Kwa dada yangu mpendwa Saidati,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Kigoma, na kwamba mguu wa shemeji umepona. Huku mvua hainyamazi, viazi vya Mudende vinaozea njiani. Mama Mukagasana hajambo na anakusalimu sana.

Umekwisha kuuliza mara mbili kwa nini Baba haandiki. Mama alinikataza kukueleza mpaka ujifungue. Sasa kwa kuwa umejifungua salama, nakuambia: Baba Faradji yuko kifungoni tangu mwezi uliopita. Amepewa miezi sita. Hakuiba wala hakupigana na mtu. Ni kwa sababu ya neno moja.

Mwezi wa tisa watu wa Guinea, nchi ya Waafrika iliyokuwa chini ya Wafaransa, waliulizwa kwa kura kama wanakubali kuendelea pamoja na Ufaransa. Katika kila watu mia, tisini na tano walijibu Hapana. Hapana hiyo ndiyo iliyowapa uhuru. Lakini habari ilifika hapa nusu nusu. Wengine walisema Guinea imepata uhuru, wengine wakauliza itapataje na watu wake wamekataa. Baba aliacha cherehani yake akaniuliza mimi, maana ndimi mkalimani wa ofisi. Nilichukua gazeti la Kifaransa mezani kwa Bwana, Mbelgiji mkuu wa ofisi yetu, nikamsomea, nikamfafanulia swali na jibu. Alicheka kwa furaha, akasema kumbe hapana yao ni ndiyo.

Kesho yake Bwana, ambaye ni mgeni na hajui Kiswahili wala Kinyarwanda, aliniita. Alisema watu wanachemka bure, hivyo nikawatangazie sokoni kwamba watu wa Guinea wameulizwa habari ya kujitawala, nao wamesema hapana. Nilimwambia swali halikuwa hilo. Akauliza kama nimeajiriwa kufikiri au kutafsiri. Nilikwenda.

Nilisema kama nilivyoagizwa, Bwana amesimama ubavuni mwangu. Mukamazimpaka, yule muuza samaki, akauliza wamekataa nini hasa. Nikajibu wamekataa kujitawala. Ndipo Baba aliposimama katikati ya watu, akasema taratibu, bila hasira:

"Haiko vile, mwanangu. Walikataa Wafaransa, hawakukataa uhuru."

Watu wakapiga makofi. Askari wakamchukua palepale.

Ilinibidi nitafsiri mahojiano yake. Bwana aliuliza ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Baba hakumtazama Bwana, alinitazama mimi.

"Umuambie ni wewe ulinisomea gazeti yake," alisema. "Mi siwezi kudanganya."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mama halijui. Dada, maneno hayo sikuyatafsiri. Kalamu ya Bwana ilikuwa juu ya karatasi, inanisubiri. Nilisema kwa Kifaransa kwamba mtu huyu ameyasikia kwenye redio ya Cairo, na kwamba huisikiliza pamoja na wenzake. Hilo la wenzake sijui lilitoka wapi. Hofu iliendelea kusema yenyewe. Pengine angekaripiwa tu na kuachiwa, lakini redio ya Cairo, inayowahimiza watu wawafukuze Wazungu, wanaiogopa kuliko kitu chochote. Walikuja nyumbani wakaichukua redio yake, na siku ya hukumu mimi ndiye niliyemtafsiria ile miezi sita.

Wiki iliyopita nilimpelekea chakula. Amekonda, anakohoa. Anaamini nilitafsiri sawasawa, na kwamba Bwana alinisamehe kwa ajili ya kazi yangu. Alinishika mkono akaniomba radhi kwa kunitaja. Alisema halali vizuri akifikiri jinsi ambavyo angeniponza mimi, mtoto wa marehemu ndugu yake, niliyelelewa naye pamoja na wewe. Nikamjibu kwamba nimemsamehe. Ndivyo nilivyomjibu, dada.

Nikisema kweli ofisini nitafungwa pamoja naye, na Mama atabaki peke yake. Nikinyamaza, kila asubuhi nakaa kwenye kiti kilekile. Kukimbilia Goma siwezi, kwani karatasi za kupita mpaka wa Kongo pale Grande Barrière hutiwa sahihi na Bwana huyohuyo.

Barua hii naituma kwa mkono wa Munyaneza, dereva, isifunguliwe njiani. Lakini barua za wafungwa lazima zipitie kwangu, nizitafsiri mbele ya Bwana kabla hazijawafikia. Mwandikie Baba. Mweleze yote niliyokueleza, na jina langu ulitaje. Safari hii nitatafsiri kila neno.

Mpakate mtoto mchanga kwa niaba yangu, na umsalimu shemeji. Mungu akulinde.

Ni mimi ndugu yako,
Kadiri