Shuka Likitulia, Ndipo Twende

Baba watoto, na wewe Kitindamimba,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. ~~Leo hakuna boti.~~ Boti isubiri mpaka nitoke kazini.

Najua mtachungulia dirishani mseme ziwa limelala. Hata mimi alfajiri lilinidanganya. Nilishuka gatini na kikombe changu, maji yametulia kama sakafu iliyopigwa deki, nikakaa ndani ya boti na kamba yake imefungwa, nikawa kama naota. Upepo ulinisukuma mgongoni taratibu, mtamu. Nilipozinduka kamba ilikuwa imekaza kabisa, boti inavuta kuelekea katikati, na kule mbali, ambako kilima chetu hakikingi tena upepo, mawimbi yalikuwa yanavunjika meupe.

Upepo ukitoka nchi kavu ndivyo ulivyo. Kwenda utawabeba kama usingizi. Kurudi mtapiga makasia mpaka mikono ife ganzi, na nyumba izidi kuwa ndogo.

Jana mezani mlinicheka, eti mama mwoga. Iliniuma, ila chakula nilimaliza.

Nimeanika shuka la bluu uani. Likipepea kuelekea ziwani, hakuna safari. Likining'inia kimya, twende sote watatu, na mbele nakaa mimi.

Majaketi ya kuokolea yako nyuma ya mlango, yajaribuni. Nawaamini.

~~Nawaamini.~~ Boti nimeivuta nchi kavu, na kile kizibo cha tundu la chini, ambacho bila hicho inajaa maji, kiko mfukoni mwangu.

Mama, yule mwoga