Papa, Nilijibu No

Papa,

Nimepita. Nakuandikia hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, hukuwa na subira ya kungoja mutu amalize salamu. Nimepita mutihani wa kusema Kingereza, na mwezi ujao navuka mupaka kwenda Uganda kusomea kazi ya kutunza wagonjwa. Mimi huyu, waliyesema hatatoka mutaa wetu wa Mabanga.

Tangu tukuzike, Mama amehamia Munigi kwa mujomba. Analima maharagi na anagombana na mbuzi za jirani, ndiyo kusema yuko muzima. Nguo zako tuligawa. Kofia yako nilimukatalia hata baba mudogo, iko kwenye sanduku langu.

Acha sasa niseme ile maneno ambayo nyumbani tulikuwa tunaizunguka. Ile siku hotelini, muzungu alipopoteza saa yake, alikuuliza mbele ya patroni, mwenye hoteli, kwa Kingereza, "Wewe hukuchukua saa yangu?" Ukajibu kwa adabu zote, yes, bwana. Kwa Kiswahili ulisema kweli tupu: ndiyo, bwana, sikuchukua. Kwa Kingereza ulikuwa umekubali wizi. Wakauliza tena, ukajibu vilevile, kwa nguvu zaidi. Miaka yote ya kubeba sahani ikaisha palepale. Saa ilipatikana ao haikupatikana, hakuna aliyekuja kutuambia.

Ni muchuuzi mumoja wa Butembo, aliyewahi kuishi Kampala, ndiye alikuja kukufungua macho: Waingereza wakiuliza "hukuiba?", mutu aliye safi anajibu no. Ulicheka, Papa. Halafu ukaingia chumbani, na hukutoka mpaka kesho yake.

Kisha ukanigeukia mimi. Nilipokuambia kwamba misioni inatafuta wasichana wa kupeleka Uganda, na kwamba mutihani ni wa mudomo, hukuniacha hata nipumue. Kila asubuhi, kwa Kingereza chako cha mezani: hujanawa? hukulala? hutaki chai? Nikikosea nikasema yes, ulininyang'anya kikombe na kuniambia, "Umefukuzwa kazi." Nilifukuzwa kazi mara nyingi kuliko mutu yeyote wa Goma. Kule Kituku, kando ya ziwa, nikifua nguo, nilijiuliza na kujijibu kwa sauti, no, no, no, mpaka mama mumoja muuza samaki akaniuliza nani ananisumbua. Siku zingine nilikukasirikia. Nilitaka maneno marefu ya kitabu, wewe unanirudisha kwenye neno moja tu. Nisamehe.

Ukatuacha wiki tatu kabla ya mutihani. Nilitaka kuacha yote. Mama ndiye alinisukuma nje ya mulango.

Mwenye kupima alikuwa madamu mumoja Mwingereza, mwembamba, macho kwenye karatasi. Huogopi damu? No, madamu. Hujawahi kukaa mbali na mama yako? No, madamu. Hapo akainua macho. Akaniambia wasichana wote walionitangulia walimujibu yes, naye hakujua kama wanakubali ao wanakataa. Akataka kujua nani alinifundisha. Nikamueleza polepole, neno kwa neno, bila kumeza miisho, vile ulivyonizoeza: ni baba yangu, aliyekuwa boyi wa meza, akafukuzwa kwa saa ambayo hakuiba.

Akaniangalia sana. "Hakuiba?"

"No, madamu," nikasema. "Hakuiba."

Papa, sauti ilijaa kile chumba. Wala sikuwa tena najibu mutihani. Yule madamu akaweka kalamu chini, akasema pole, akasema anasadiki. Umesikia? Mwingereza, kwa Kingereza chake mwenyewe, amesadiki. Nililia mbele yake, na nikapita nikilia.

Jumapili habari ilikuwa imekwisha kuenea kanisani. Wale waliotuita nyumba ya mwizi walikuja kumupa Mama mukono, na Mama, unamujua, akatengeneza kitambaa chake kwanza, taratibu, wao wakingoja na mikono hewani. Ungekuwepo ungecheka mpaka kukohoa.

Lala sasa, Papa. Nakuahidi jambo hili: kule Uganda mutu akiniuliza mimi ni wa nani, nitataja jina lako lote, la ubatizo na la kwetu, nitataja na kazi yako ya hotelini, na sitainamisha kichwa.

Binti yako,
Furaha