Bia ya Machungwa, Komarock

Ndugu yangu Wekesa,

Pokea salamu kutoka huku Komarock, kwa mwanangu Barasa. Daktari alisema hii miale ya saratani wananichoma kooni itaua ulimi. Nikambishia. Ulimi ulioonja pombe ya busaa ya kijiji kizima haufi hivyo.

Jana Barasa alileta bia wanayopika kazini kwake. Ni nzito, ina ukungu kama mto Nzoia wakati wa mvua. "Mzee, wewe ndiye fundi. Iko na machungwa ndani, tuambie kama imeiva." Nikaonja. Nguvu nilisikia, na uchungu kama mwarobaini. Machungwa hakuna. Nikasema kosa ni la friji, nikaamuru waiongeze maji moto kama busaa. Jirani ya Barasa, kijana aliyekuja kuonja, akacheka, "Buda, hiyo sasa umeiua." Nikamwambia nilikuwa naonja pombe babake akinyonya.

Maji yalipoingia tu, mke wa Barasa akauliza kutoka mlangoni, "Nani anamenya machungwa?"

Wote wakaniangalia. Pua yangu ilikuwa ndani ya kikombe, na sikusikia harufu yoyote.

Nikasema imeiva sana. Huo ni uongo wangu wa kwanza juu ya pombe, Wekesa, usimwambie mtu.

Jumamosi wakitoa chungu cha busaa, wazee wasiningoje. Chukua mrija wangu pale juu ya jiko, uonje wewe kwanza. Lakini uwaambie ni mimi nimekutuma.

Mungu akulinde, mdogo wangu, na wote hapo nyumbani.

Kakako, Simiyu